Nikiweka jina lake kwa Facebook, naweza kufungwa? Sheria za kwetu, za majirani na za mbali



Tangu nimalize lisansi yangu ya sheria hapa Goma, kuna swali moja linaloingia kwa simu yangu karibu kila juma. Linakuja kwa sauti tofauti, lakini ni lile lile: "Yaya, kuna mutu alikula franga yetu. Nikiweka jina yake na picha kwa Facebook, banaweza nifunga?" Anayeuliza leo ni finalisti aliyelipia memuare isiyoandikwa. Kesho ni msichana anayesumbuliwa na asistanti juu ya pointi. Kesho kutwa ni kijana aliyetoa dola mia kwa kazi ya ONG ambayo haikuwepo.

Jibu fupi ni ndiyo, unaweza kufungwa, na wakati mwingine hata kama ulichoandika ni kweli. Jibu refu linategemea inchi uliyopo. Na sisi wa Goma tunaishi mahali ambapo inchi inabadilika ukitembea dakika chache kwa miguu, njo maana nimeona vizuri nieleze polepole.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tutembee nao mpaka mwisho. Umeandika hivi: "Bwana Fulani, mweka hazina wa promosyo yetu, alikula dola 300 za kolasyo." Sentensi moja tu. Tuone sheria zinaifanyia nini.

1. Kwetu Kongo

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kusema anachofikiri kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza masharti: kuheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Wengi tunasoma nusu ya kwanza na kuacha ile ya pili. Kesi zote zinaingia kupitia nusu ya pili.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Ni ya jinai ya tarehe 30 Januari 1940, wakati wa Wabelgiji, na mpaka leo inafanya kazi. Kifungu chake cha 74 kinaadhibu mtu ambaye, kwa nia mbaya na mbele ya watu, anamsingizia mwengine jambo maalum linaloweza kuharibu heshima yake au kumfanya adharauliwe. Adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, au faini, au vyote viwili. Kifungu cha 75 kinahusu matusi ya hadharani, na hapo ni siku 8 mpaka miezi 2.

Tofauti ya vifungu hivi viwili ni hii. Ukiandika "Fulani ni mwizi, ni mbwa", hayo ni matusi. Ukiandika "Fulani alikula dola 300 za kolasyo", umetaja jambo maalum, lenye kiasi na mahali, jambo ambalo mtu anaweza kwenda kuchunguza. Hapo unaingia kifungu cha 74, ambacho ni kizito zaidi. Watu wengi wanashangaa kusikia hivyo. Wanafikiri kutaja mambo wazi wazi kunawakinga, kumbe kunaweza kuwapandisha adhabu.

Sasa linakuja jambo linalochoma. Kwa jinsi kifungu cha 74 kinavyofundishwa kwetu, ukweli peke yake haukuokoi. Kinachotazamwa ni nia mbaya, hadhara, na jambo maalum linaloumiza heshima. Kama dola 300 zililiwa kweli, bado Fulani anaweza kukupeleka Parke. Avoka wako atabaki kupigana juu ya nia: kwamba hukutaka kumwangusha mtu, ulitaka promosyo ipate haki yake. Ni njia ipo, lakini ni nyembamba.

Tarehe 13 Machi 2023 zikatoka sheria mbili kwa siku moja. Moja ni ya uhuru wa vyombo vya habari, namba 23/009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996. Ya pili ni namba 23/010, ile tunayoita Code du numérique. Hii ya pili njo inatugusa sisi wote wenye simu. Kifungu chake cha 360 kinasema mtu anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao ya kijamii anaadhibiwa kwa kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, au moja kati ya hizo.

Soma tena neno "anayesambaza". Maana yake, wewe ambaye hukuandika kitu, uliyepokea tu kapture kwa grupu moja ya WhatsApp na kuituma kwa grupu nyingine tatu, na wewe umo. Kusema "mimi nimetuma tu kama nilivyopokea" si kinga. Ukilinganisha hizo sheria mbili, unaona kila moja ina mtego wake. Ile ya 1940 inaweza kukukamata hata kama ulisema kweli. Hii ya 2023 inataka habari iwe ya uongo, lakini inamfuata hata mtu wa mwisho aliyebonyeza kidole.

Mfano unaojulikana ni wa mwandishi Stanis Bujakera, wa Actualité.cd na Jeune Afrique. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili. Sababu ilikuwa habari ya Jeune Afrique juu ya kifo cha Chérubin Okende, aliyekuwa waziri na mwanasiasa wa upinzani. Habari hiyo haikuwa na sahihi ya Bujakera. Mashtaka yalisema alitengeneza na kusambaza hati ya uongo ya idara ya upelelezi, na alikana mpaka mwisho. Tarehe 18 Machi 2024 korti ikamhukumu miezi 6 na faini ya franka milioni moja. Miezi hiyo alikuwa ameshaimaliza ndani ya gereza la Makala, kwa hiyo alitoka kesho yake. Mtu ambaye kazi yake inasomwa dunia nzima, mwenye maavoka na mashirika ya kumtetea, alikaa ndani zaidi ya nusu mwaka kabla ya kuhukumiwa. Wewe na mimi tuhesabu wenyewe.

Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tuna historia yetu ya pekee. Tangu tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura, état de siège, iliweka utawala mikononi mwa jeshi na polisi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa korti za kijeshi. Wakuu wa kijeshi walipewa pia uwezo wa kukataza maandishi na mikutano wanayoona inaweza kuleta vurugu. Mnamo Novemba 2021, huko Beni, korti ya kijeshi iliwahukumu waimbaji wawili kwa sababu ya nyimbo zao: Idengo miaka 10, Muyisa Nzanzu miaka 2. Kisha, tangu mwisho wa Januari 2025, Goma yenyewe iko chini ya AFC/M23. Sitaingia siasa hapa. Nasema tu jambo ambalo kila mwanasheria analijua: haki iliyoandikwa kwenye karatasi inahitaji juji anayeweza kuitekeleza. Mahali ambapo bunduki ziko nyingi kuliko majuji, neno uliloandika kwa hasira usiku linaweza kuletewa hesabu ambayo haiko kwenye kifungu chochote.

2. Ukivuka Petite Barrière

Tembea na sentensi yako mpaka Gisenyi. Rwanda ilibadilisha sheria yake ya jinai mwaka 2018, na kosa la kuchafua jina la mtu kama lilivyokuwa zamani likaondolewa. Tarehe 24 Aprili 2019 Korti Kuu ya juu ya Rwanda ikafuta pia kifungu kilichoadhibu kuwadhalilisha viongozi kwa maneno na vibonzo. Ukisikia hivyo unaweza kufikiri mambo ni rahisi.

Lakini kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo 2018, ya makosa ya mtandao. Kifungu chake cha 39 kinahusu uvumi: anayetangaza kwa kujua, kupitia kompyuta, uvumi unaoweza kuleta hofu, uasi au vurugu, au unaoweza kumfanya mtu apoteze uaminifu wake mbele ya watu, anaadhibiwa miaka 3 mpaka 5 na faini ya faranga za Rwanda milioni 1 mpaka 3. Linganisha: kwetu, Code du numérique inafika miezi 6. Ng'ambo, kima cha chini ni miaka 3. Wale wanaotumia laini ya simu ya Rwanda kwa sababu mtandao ni mzuri, na wanaovuka asubuhi na kurudi jioni, wakumbuke kwamba mpaka wanaouvuka una sheria pande zote mbili.

3. Uganda, Kenya, Tanzania

Uganda imetupa kesi moja ambayo kila Mkongomani angepaswa kuijua, juu inatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1997 gazeti la The Monitor liliandika, likinukuu ripoti ya nje, kwamba Laurent-Désiré Kabila aliilipa Uganda kwa dhahabu kwa msaada iliompa. Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kutangaza habari za uongo. Walishinda kesi hiyo, lakini hawakuishia hapo: walikwenda kuuliza kama sheria yenyewe inakubaliana na katiba. Tarehe 11 Februari 2004 Korti ya juu ya Uganda ikajibu hapana, na kifungu hicho kikafa. Majuji walieleza kwamba uhuru wa kusema haulindi yale tu yaliyothibitishwa kuwa kweli, maana hakuna mtu angeweza kuzungumza juu ya mambo ya umma kama angetakiwa kuwa na uhakika wa asilimia mia kabla ya kufungua mdomo.

Hadithi haikuisha. Sheria ya kompyuta ya 2011 ilileta makosa mapya, likiwemo la mawasiliano ya kuudhi. Mwalimu wa chuo na mshairi Stella Nyanzi aliandika shairi kwenye Facebook dhidi ya Rais Museveni, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Februari 2020 Korti Kuu ilibatilisha hukumu hiyo, wakati ameshakaa ndani karibu muda wote. Tarehe 10 Januari 2023 Korti ya Katiba ikafuta kifungu cha 25, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kwa sababu hakieleweki: mtu hawezi kujua mapema ni neno gani litamuudhi nani.

Kenya walikwenda mbali zaidi. Tarehe 6 Februari 2017 Juji John Mativo alifuta kifungu cha 194 cha sheria ya jinai, kile cha kashfa, katika kesi ya watu walioshtakiwa kwa maandishi ya Facebook. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Heshima ya mtu inastahili kulindwa, lakini kesi ya madai inatosha: aliyeumizwa anaomba fidia, na mwandishi analipa kutoka mfukoni mwake bila kwenda gereza. Basi sentensi yako ya dola 300, ukiwa Nairobi, Fulani anaweza kukudai pesa kwa kashfa. Lakini Kenya pia ilipitisha mwaka 2018 sheria ya makosa ya mtandao iliyoadhibu habari za uongo, na Februari 2020 Korti Kuu iliiacha ipite. Mlango unafungwa mbele, dirisha linafunguliwa nyuma. Utaona mtindo huo karibu kila inchi ya ukanda wetu.

Tanzania, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaweka kwa habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

4. Kwa wazungu

Tunao ndugu Paris, London, Brussels na Marekani, na wengi wao njo wanaoandika kwa ukali zaidi. Wanaandika wakiwa chini ya sheria nyingine.

Ufaransa inafuata sheria ya tarehe 29 Julai 1881. Kwa kashfa ya kawaida dhidi ya mtu binafsi hakuna kifungo, ni faini ya mpaka euro 12.000. Aliyechafuliwa ana miezi 3 tu ya kushtaki. Na mshtakiwa anaruhusiwa kuthibitisha kwamba alisema kweli, isipokuwa kwa mambo ya maisha ya ndani ya mtu. Tena, tarehe 10 Aprili 2013 korti yao ya juu ilikubali kwamba ujumbe ulioonekana na kikundi kidogo tu cha marafiki waliochaguliwa kwenye mtandao haukuwa matusi ya hadharani. Wanasheria wetu, wanaopenda kunukuu Wafaransa, wangefanya vizuri kunukuu na hayo pia.

Uingereza wameondoa kashfa ya jinai kabisa. Chini ya sheria yao ya 2013, anayeshtaki lazima kwanza aonyeshe kwamba jina lake limeumia sana, si kidogo. Akifaulu, mzigo unahamia kwako: ni wewe wa kuthibitisha ukweli. Na gharama za maavoka wa kule zinaweza kukumaliza kabla ya hukumu.

Marekani ni kinyume. Tangu kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, mwaka 1964, kiongozi wa serikali akitaka kushinda lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo. Na sheria ya mwaka 1996 inazikinga kampuni kama Facebook zisihukumiwe kwa yale watu wengine wanayoandika humo. Kwa hiyo kampuni inalindwa na sheria ya kwao, na wewe uliyeandika kutoka Katindo unabaki na sheria ya kwenu.

5. Afrika yenyewe inasema nini

Kabla hatujasema kwamba uhuru huu ni mambo ya kizungu, tuangalie Burkina Faso. Mwandishi Lohé Issa Konaté alifungwa mwaka 2012 miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu prokirere. Tarehe 5 Desemba 2014, Korti ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha, ikaamua kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kunavunja kifungu cha 9 cha Mkataba wa Afrika, isipokuwa kwa mambo mazito sana kama kuchochea chuki au mauaji. Kongo iliridhia Mkataba huo mwaka 1987.

Pia, tangu 2022 sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Korti ya Jumuiya, nayo iko Arusha, ilishaamua mwaka 2015 dhidi ya sehemu za sheria ya habari ya Burundi, na tarehe 28 Machi 2019 dhidi ya sehemu za sheria ya habari ya Tanzania. Raia wa kawaida anaweza kufika mbele ya korti hiyo. Ila ana miezi 2 tu tangu tendo lilipofanyika au alipolijua. Maavoka vijana mnaosoma hapa, mlango huo upo, na muda wake ni mfupi.

6. Na upande mwingine?

Nisiposema hili nitakuwa nimewadanganya. Kuna watu kati yetu walioumizwa kweli na simu za wengine. Picha ya mzee inapita kwenye magrupu, chini imeandikwa "muloji", na jioni nyumba yake inazungukwa. Kijana anapigwa picha, anaitwa mwizi, na watu wanamaliza kesi barabarani kabla polisi haijafika. Msichana aliyekataa kijana anaona picha zake zinazunguka shuleni. Ukimwambia mama wa mtu huyo kwamba sheria zote za kashfa zifutwe, atakuuliza mtoto wake alindwe na nani.

Kwa hiyo mimi sisemi tufute kila kitu. Nafikiri Korti ya Arusha iliweka mstari mahali pazuri. Gereza libaki kwa anayechochea watu waue au wachukie kabila fulani. Mengine yote, uongo wa kawaida, hasira, madeni ya kolasyo, yaende kwa fidia, kukanusha na kuomba msamaha. Na mtu aliyesema kweli kwa faida ya wengi asiadhibiwe kabisa. Kifungu cha 74 cha mwaka 1940 hakijafika hapo, na walioandika upya sheria mwaka 2023 walikiacha kikae.

7. Sasa ufanye nini na Fulani wako

Mpaka sheria ibadilike, hivi njo ninavyowajibu wanaoniuliza.

Kwanza, peleka malalamiko pale panapohusika kabla ya kuyapeleka kwa umma: kamati ya promosyo, sekreteri wa chuo, au Parke pale inapofanya kazi. Malalamiko yaliyoandikwa kwa nia njema, kwa mwenye madaraka, si sawa na posti. Ila usiongeze chumvi, maana kifungu cha 76 kinaadhibu anayemshtaki mtu kwa uongo mbele ya mamlaka.

Pili, tunza ushahidi wenyewe. Kapture peke yake ni rahisi kupingwa. Acha ujumbe wa asili kwenye simu, tunza risiti, andika tarehe na majina ya waliokuwepo.

Tatu, kama lazima uandike hadharani, andika juu ya jambo na usiandike juu ya mtu. "Promosyo yetu ilichanga dola 300 za kolasyo, mpaka leo hatujapata hesabu, tunaomba kamati itoe maelezo." Sentensi hiyo inauliza swali lile lile, na ni vigumu sana kumfunga mtu aliyeomba hesabu.

Nne, usitume mbele kitu ambacho usingekubali kukisoma mbele ya juji kwa sauti yako mwenyewe. Hasa picha ya mtu anayeitwa mwizi au muloji. Hapo usihesabu tu ile miezi 6 ya kifungu cha 360. Kuna mtu anayeweza kufa.

Wenye maswali waandike hapa chini. Naomba tu msiweke majina.